Usimwazime Mtu

Niliikuta Kongowea, imelaliwa na sufuria mbili
na pasi isiyo na waya.
Muuzaji alisema shilingi mia, kisha akanitazama viatu,
akasema mia na hamsini.
Jalada limekunywa maji ya chumvi hata jina la bendi
limebaki herufi nne na mkia wa ya tano.
Picha: ngazi inatoka kisimani,
na juu ya ngazi, samaki amevaa koti.
Nikajua. Samaki akishavaa koti,
upande wa pili kuna wimbo wa dakika ishirini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapanda Ganjoni,
ghorofa ya tatu, kwa Furtado, mlango wa komeo tatu.
Sharti ni moja: lete usichokijua.
Ukileta kinachojulikana utawanunulia wote viazi karai,
na Shebwana, fundi wa mafriji, ameshanunua mara nne
maana moyo wake hurudi palepale, kwenye filimbi.
Kadzo huja na sare ya hospitali, hajalala,
huketi sakafuni, mgongo kwenye kabati.
Besi, asema, huingia vyema kupitia mbao.

Furtado aliipangusa kwa pamba na maji ya mvua,
akaishusha sindano.
Kwanza mchanga.
Kisha kinanda, mbali, kama mtu yuwavuta kabati
nyumba ya jirani, usiku.
Kisha ngoma. Shebwana akahesabu kwa vidole,
akakosea, akaanza upya. "Ni saba."
"Ni tano na mbili," akasema Kadzo. "Si sawa na saba."
Wakabishana mpaka gitaa likawanyamazisha,
gitaa lenye kutu, lililopinda,
likipanda ile ngazi ya jaladani kidato kwa kidato,
na mwimbaji akaimba kwa lugha tusiyoitambua.
Furtado alisema ni Kihungari.
Mimi nilisema ni lugha ya kwenye baridi.

Dakika ya kumi na moja stima ikaenda.
Sahani ilizunguka kwa mazoea tu,
sauti ya mwimbaji ikazama, ikawa ya ng'ombe,
ikawa ya mlango, ikawa kimya. Feni nayo ikasimama.
Ganjoni nzima ikasema "aaah" kwa pamoja.
Hakuna aliyeinua sindano.
Gizani Kadzo aligonga sakafu, taratibu,
tano, kisha mbili,
akimtunzia yule mtu nafasi yake.

Furtado alimulika ndani ya jalada kwa simu,
akanipa bila neno. Wino wa buluu, kalamu imekandamizwa:
*Mali ya Dastur, 1974. Usimwazime mtu.*
Huenda Dastur alihama. Huenda alikufa
na mpwa akauza vyote kwa kilo.
Huenda aliishi miaka hiyo yote na samaki wake mwenye koti
asipate hata mmoja wa kubishana naye saba.
Nilimwonea huruma, kisha nikaona haya:
chini ya kitanda changu kuna sanduku,
ndani yake sita ambazo sijawahi kuzileta.

Stima ikarudi. Sauti ikapanda kutoka kisimani,
mlango, ng'ombe, mtu,
na sisi wanne tukacheka kama tuliofumaniwa.

Saa tano usiku, mvua. Kadzo akasema,
"Niazime. Jumatano nina zamu, nitaisikiza Alhamisi."
Ulimi wangu ukatafuta uongo, ukakosa.
Akaifunga kwa leso, mafundo mawili;
maneno ya leso yakakunjika, yakabaki MGENI NJ.
Tukashuka, taa ya ngazi haijawahi kuwaka,
yeye mbele, santuri kifuani,
na nilisikia viatu vyake vya zamu kwenye saruji:
tano, mbili. Tano,
akasita kutafuta kidato,
mbili.